Muziki Tunao, Pa Kuuchezea Hatuna

Msimu wa korosho ukifika huku kwetu Mtwara wasanii wa Dar wanajua kabla hata sisi hatujamaliza kuokota. Mnada unaanza Oktoba, hela zinaanza kuingia kwa wakulima, na ghafla unaona mabango kwenye nguzo za umeme kuanzia Masasi mpaka Mtwara mjini, fulani anakuja, fulani naye anakuja, pikapu yenye spika inazunguka Chikongola na Magomeni tangu asubuhi mpaka watoto wanashindwa kulala mchana. Msimu wa 2024/25 minada ya mwanzo bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, kwahiyo fikiria mwenyewe hali ilivyokuwa, kila wikiendi shoo. Mi tangu kipindi hicho sijatulia nyumbani. Muziki naupenda wote, dansi, taarabu, singeli, kwaya, beni la harusini, ngoma ya lipiko, ile ya kinyago ya Wamakonde, kule juu Newala, popote nikisikia kuna kitu naenda, na nimeenda sana, na kila nikirudi kichwani kuna jambo lilelile linanizunguka, ndo maana leo nimekaa niliandike lote maana nimechoka kulisema vijiweni tu.

Nianze na ile shoo kubwa. Staa kutoka Dar, anapendwa na mimi nampenda, kiingilio elfu kumi kawaida na elfu thelathini kule mbele kwenye viti vya plastiki. Kiwanja cha mchanga kimezungushiwa mabati, steji ya mbao juu ya mapipa. Tangazo lilisema saa mbili usiku. Kuanzia saa mbili mpaka karibu saa nane za usiku walikuwa wanapanda vijana wa hapahapa mmojammoja, na mimi nawaambia wale vijana ndo walikuwa shoo yenyewe. Kuna mmoja mwembamba, kavaa jezi ya zamani ya timu ya Ndanda, kapanda na wimbo wake anachanganya Kiswahili na Kimakonde, mdundo wa singeli lakini ukisikiliza vizuri chini yake kuna ngoma ya unyago kabisa, ile ile ambayo mama zetu wanaifahamu, na kina mama waliokuwa wamekaa pembeni wanauza karanga na ming'oko wakasimama wote wakaanza kupiga vigelegele. Kufika ubeti wa pili dijei akamkatia, muda umeisha, apande mwingine. Yule kijana akashuka bila neno, akakaa chini pembeni ya spika. Nilimfuata nikampa mkono, nikamwambia mdogo wangu umetisha, akanijibu "asante sana kaka, mwakani naenda Dar."

Hiyo sentensi ndo inayoniuma. Kila kijana mwenye kipaji huku jibu lake ni naenda Dar. Na simlaumu hata mmoja, maana mfano wanauona, Harmonize mwenyewe katoka Chitohori huko Tandahimba akaenda Dar ndo dunia ikamjua, na tunajivunia sana, akijiita Konde Boy sisi tunajisikia tumetajwa wote. Lakini asingeenda Dar angeimbia wapi? Nataka mtu anijibu hilo swali, angeimbia wapi hapa?

Basi saa nane kasoro staa akapanda, pleibeki, sauti ya kwenye spika na mdomo wake haviendi pamoja ila watu wamefurahi, wimbo wa tatu umeme ukakatika. Giza totoro. Jenereta ikakataa kuwaka, ikawaka, ikazima. Na hapo katikati ya giza watu wakaendelea kuimba wenyewe, kiwanja kizima, bila spika wala nini, wakamaliza ubeti na kiitikio wakarudia tena, wamewasha tochi za simu. Nimeenda shoo nyingi ila sijawahi kusikia kitu kama kile, na elfu kumi yangu ilirudi pale pale.

Lakini nikiwa natembea kurudi nyumbani hasira zikanipanda. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, pale Msimbati, hapo tu, unaenda na bodaboda na kurudi siku hiyohiyo. Mwaka 2013 watu wa huku walisema gesi itunufaishe sisi kwanza kabla haijaondoka, mji ukachafuka, kuna waliopoteza maisha, tuliokuwepo tunajua. Mwaka 2015 bomba likakamilika, zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar es Salaam. Sawa, nchi ni moja na mimi sikatai umeme wa gesi yetu uwashe taa za Sinza na Mbagala. Ila shoo ya Mtwara kuzimika katikati kwa kukosa umeme, hapana, hiyo sikubali na sitaizoea, na mtu akiniambia nivumilie namuuliza mpaka lini.

Disemba nikapanda Newala. Mama yangu mdogo yuko huko na watoto wa ukoo walikuwa wanatoka jandoni, wameingizwa likizo ya shule kama serikali inavyotaka siku hizi, kwahiyo nikasema hii siikosi. Barabara wote mnaijua, lami ya kutoka Mtwara ilikuwa inaishia Mnivata miaka mingi, kipande kilichobaki cha kupita Newala mpaka Masasi ni kilomita 160 na kinajengwa, ila siku niliyopita mimi vumbi lilikuwa la kutosha, nilifika mwekundu mama mdogo akanicheka akaniambia "mwanangu kaoge kwanza, salamu baadaye."

Kilichotokea usiku ule nitajaribu kuelezea ila maneno hayatoshi. Wapigaji walikuwa wazee, na kijana mmoja tu. Kabla ya kuanza walikoka moto wa nyasi kavu pembeni, wanazielekeza ngoma kwenye moto, wanagonga kwa vidole viwili, wanasikiliza, wanarudisha tena motoni, ile ndogo ya mguu mrefu unaochomekwa ardhini, chinganga, mzee aliisogeza motoni mara nyingi kuliko zote, kila akigonga anatikisa kichwa hapana, mpaka ikatoa sauti kavu kali anayoitaka ndo akaichomeka mchangani mbele ya magoti yake akatabasamu. Hakuna mashine ya kupimia sauti, masikio tu. Kijana alikuwa anaangalia mikono ya yule mzee muda wote hajapepesa macho.

Halafu lipiko likatoka gizani. Watoto wakakimbia wote, na watu wazima wengine nao wakakimbia nawaambia ukweli. Mwili umefunikwa nguo juu mpaka chini, huoni hata kidole, njuga miguuni, na kile kinyago cha kichwani cha mti mwepesi kimechongwa uso wa mtu kabisa na nywele za kweli zimebandikwa. Ukiwa karibu unagundua macho ya kinyago hayaoni, aliye ndani anaonea kwenye tundu la mdomo, kwahiyo anakuwa ameinua kichwa kidogo na ule uso unakuwa kama unakutazama kwa juu. Bega lilikuwa linatetemeka peke yake, mguu uko sehemu nyingine, ngoma inamuuliza naye anajibu, ngoma inamuuliza tena kwa haraka zaidi anajibu. Wazee wanakwambia huyo siyo mtu, huyo marehemu kaja kuwaona watoto waliokua. Nilikaa mpaka alfajiri, sikusikia usingizi wala baridi na Newala usiku kuna baridi.

Sasa kuna kitu nilikijua nikawa nakifikiria usiku ule. Mwaka 1906, Majimaji ndo inazimwa, Mjerumani mmoja anaitwa Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alishukia Lindi akatembea mpaka Masasi na Newala na mashine ya kurekodi sauti kwenye mitungi ya nta pamoja na kamera ya picha za kutembea. Akarekodi nyimbo za Wayao, Wamakua, Wamakonde. Sauti za babu zetu, watu waliokuwa wazima mwaka 1906, zimehifadhiwa Ujerumani. Zipo. Mtu wa Berlin akitaka anaweza kuzisikia, mtu wa Newala afanyeje? Na mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam kikaja kuonekana Geneva, Uswisi, miaka mingi ya kuandikiana barua, kikarudishwa mwaka 2010. Nilifurahi sana kiliporudi. Ila kilirudi Dar. Na lile dubwana la Tendaguru, mifupa ya dinosaria wa hapo Lindi, lililochimbwa mwaka 1909 mpaka 1913, bado limesimama Berlin na kimo chake cha mita 13 na ushee. Kila siku tunaambiwa kusini ni utajiri wa utamaduni, na utajiri wenyewe mtoto wa hapa akitaka kuuona apande basi au apande ndege.

Niliwahi kuhudhuria tamasha la Makuya hapa Mtwara, Wamakonde, Wamakua na Wayao uwanja mmoja, vikundi vinatoka vijijini na magari, na ile ilinionesha kwamba inawezekana, watu wanajaa, vijana wanakaa kuangalia ngoma za babu zao na hawachoki. Lakini tamasha linakuja linaondoka. Mi naongelea mahali ambapo Jumamosi yoyote ya kawaida, siyo sikukuu siyo kampeni, unaenda unakuta kitu.

Maana sasa hivi mnajua vikundi vya ngoma vinaitwa lini? Akija mgeni rasmi. Hili nimeliona kwa macho yangu na niliondoka nikiwa mnyonge. Kiongozi anakuja, sitasema nani na haijalishi nani maana wote ni hivyohivyo, kina mama wa sindimba wamepangwa mstari tangu saa mbili asubuhi, jua la Mtwara mnalijua, hakuna turubai, turubai ni la wageni. Kila gari likionekana wanaambiwa chezeni chezeni, wanacheza, kumbe siyo lenyewe, wanapumzika, gari lingine, chezeni. Mgeni kafika saa nane mchana, kapunga mkono kioo kiko nusu, msafara umepita. Kuna bibi pale wa miaka sabini na kitu, kashika kiuno, nikamsogelea nikamwamkia, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, nikampa maji nikamuuliza bibi mmechoka? Akaniambia "kucheza siyo shida mjukuu wangu, shida kusimama." Mmelipwa? "Tumepewa soda, na hizi fulana."

Bibi yule anajua nyimbo ambazo hazijaandikwa popote. Akifa zimekufa. Na sisi tunampa soda.

Halafu tukija kwenye hela ndo nachanganyikiwa zaidi. Sheria inasema halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Kikundi kimoja cha ngoma ninachokifahamu, wanawake watupu, wamesajiliwa, wana katiba, wana akaunti, wakaenda kwenye halmashauri moja ya mkoa huu kuomba wanunue spika mbili, maiki na sare, ili wawe wanakodishwa harusini kwa bei ya maana. Wakaulizwa mradi wenu ni nini. Ngoma. Wakaambiwa ngoma siyo mradi, kaandikeni kuku. Mama mwenyekiti wao ananisimulia sauti inatetemeka, anasema "baba, mimi kuku sijui, mimi najua kuimba." Bendi ya harusi kutoka Dar inalipwa mamilioni kwenye harusi za hapahapa mjini, hiyo siyo biashara? Msichana anayepiga picha harusini anafanya biashara, anayepamba anafanya biashara, anayepika anafanya biashara, anayeimba tu ndo anaambiwa akafuge kuku.

Lindi nilienda mara kadhaa, kuna harusi moja beni lilipiga kutoka msikitini mpaka nyumbani kwa bibi harusi, tarumbeta mbili na ngoma, mtaa mzima umetoka nje, hiyo sina malalamiko nayo. Na Pasaka nilikuwa Kanisa la Mtakatifu Paulo pale Majengo, mimi Mwislamu lakini kwaya naifuata popote, na ile michoro mikubwa ukutani aliyochora Padre Polycarp Uehlein miaka ya sabini unaiangalia huku sauti nne zinapanda juu ya paa, nikasema kumbe ndo hivi inavyokuwa muziki ukiwa na nyumba. Sauti haipotei na upepo.

Nina kisa kingine cha karibu zaidi. Kulikuwa na baa hapa mjini bendi yetu ya wazee ilikuwa inapiga kila Ijumaa. Mpiga solo ni mvuvi, wa besi ni mwalimu mstaafu kutoka Lindi, wanapiga zilipendwa tu, na mara nyingi walikuwa wanarudi kwenye nyimbo za Kilwa Jazz ya marehemu Ahmed Kipande, na yule wa besi huwa hasemi bendi ya Dar, anasema bendi ya nyumbani, maana Kipande katoka Kilwa. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa, kuna bendi ya Dar ilitakiwa ije hapa ikashindwa, basi watu wote wakahamia kwa wazee wetu, baa haipitiki, mpiga solo alipiga mpaka waya ukakatika akaendelea na tano zilizobaki. Nilidhani sasa mambo yamekaa sawa. Baadaye majirani wakalalamika kelele. Wakaja maofisa na kipimo cha sauti, faini, mwenye baa akaogopa, bendi ikaondolewa, sasa hivi kuna spika moja ya bluutuu.

Na hapa niseme vizuri maana watu huwa wananielewa vibaya. Jirani aliyelalamika ana haki. Ana mama yake mgonjwa ndani, ukuta kwa ukuta na baa, angefanyaje. Mwenye baa ana haki, wazee wana haki, hata ofisa mwenye kipimo anafanya kazi yake. Kosa ni la mji wenye bandari, wenye gesi, wenye korosho, ambao hauna hata jengo moja la umma ambalo mtu anaweza kupiga muziki bila kumwamsha mgonjwa. Nangwanda Sijaona ni uwanja wa mpira. Kumbi za harusi zinakodishwa kwa bei ambayo bendi ya mvuvi na mwalimu mstaafu hawaifikii. Viwanja vya Mashujaa ni vya mikutano, na vibali vyake unavifuatilia ofisi baada ya ofisi mpaka hamu inaisha.

Wazo langu alinipa mpwa wangu bila kujua. Niliwapeleka watoto Mikindani Jumapili moja, tukaona Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo lilikuwa gofu likakarabatiwa likawa hoteli, tukapita kwenye zile nyumba za mawe za zamani, nyingi zimeanguka paa, miti imeota sebuleni. Mtoto akauliza mjomba hii nyumba ya nani. Nikamwambia sijui, ya wenyewe. Akasema basi wangeiweka paa. Tangu siku hiyo sina jibu lingine. Sitaki ukumbi wa mabilioni wenye jiwe la msingi linaloliwa na jua miaka kumi. Nataka jengo moja lenye kuta nene, paa, steji ya saruji, soketi zinazofanya kazi na jenereta yenye mafuta, na chumba chenye kufuli cha kuwekea ngoma maana sasa hivi zinalala jikoni kwa watu na panya wanakula ngozi. Ratiba ibandikwe mlangoni, Ijumaa bendi, Jumamosi vijana, mwisho wa mwezi vikundi vya vijijini, saa sita usiku kimya. Kiingilio elfu mbili, nusu ya wapigaji. Na chumba kimoja kiwe na zile sauti za mwaka 1906, waombwe Wajerumani nakala, nakala tu, siku hizi inatumwa kwa intaneti, mzee wa Newala akae kwenye benchi asikilize aseme huu wimbo naujua, unaimbwa hivi.

Hela ipo. Ushuru wa huduma ambao makampuni yanalipa kwenye halmashauri zetu, yakiwemo ya gesi, upo kisheria. Kila mwaka bajeti inasomwa, na mimi nimezisoma za karibuni, kurasa zote, neno utamaduni unalikuta kwenye mishahara na posho za maadhimisho. Nikimuuliza mtu wa ofisini ananiambia kuna vipaumbele, maji, madarasa, zahanati. Najua. Nami nakunywa maji na watoto wangu wanasoma. Lakini hao hao wakimtaka mgeni rasmi afurahi hawampelekei tangi la maji limchezee, wanawaita kina bibi.

Kwahiyo tumeandika barua. Siyo mimi peke yangu, ni kile kikundi cha kina mama, wazee wa bendi, vijana wa singeli na mwalimu mmoja wa sekondari ambaye kaandika Kiswahili kizuri kuliko changu hiki. Tumeomba gofu moja la umma litengwe, tumeambatanisha mchoro kachora fundi wa Magomeni bure, na tumeomba ofisa maendeleo ya jamii akubali rasmi kwamba kikundi cha ngoma ni kikundi cha biashara kama vingine. Diwani wetu kaipokea, kasaini nakala, kasema ataipeleka kwenye kamati halafu baraza. Barua ya mwanzo ilipotea, hii tumegonga mhuri wa mapokezi kila ukurasa. Baraza la madiwani linakaa mwisho wa robo hii na vikao vyake ni vya wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia akakaa akasikiliza. Kina mama wamesema wanakuja wote na sare zao, wazee wa bendi wanakuja, yule kijana wa jezi ya Ndanda nimempigia naye anakuja, bado hajaenda Dar. Wana kuchele, watu wa Mtwara mliopo mjini, njooni saa tatu asubuhi, mapema, viti vya wananchi pale ni vichache.